Filamu za Kisu na Barakoa za Miaka ya 80: Zipi Utazame, Zipi Uzipite

Ukiingia kwenye huduma yoyote ya kutazama filamu mtandaoni, upande wa filamu za kutisha, hutakosa kukutana na mabango ya namna moja: kisu kinachong'aa, uso uliofunikwa, msichana aliyeachama, na jina lililochukuliwa kwenye kalenda. Halloween. Friday the 13th. Prom Night. My Bloody Valentine. April Fool's Day. Silent Night, Deadly Night. Ilifika mahali watayarishaji wa Marekani na Kanada wakazimaliza sikukuu, wakahamia siku za kuzaliwa: Happy Birthday to Me.

Wapenzi wake huziita slasha, na zama zake za neema zilianza 1978 na kuchakaa kufikia 1989. Zilitoka kwa makumi. Kama hujawahi kuziona na unajiuliza zinastahili usiku wako au la, jibu langu ni kwamba chache zinastahili kweli, kadhaa zinafaa kwa usiku wa kucheka na marafiki, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, waachie wakusanyaji wa kanda. Ugumu ni kuzitambua mapema, maana kwenye bango zote zinajisifu sawa.

Mpango wake hauna siri. Vijana wako pamoja mahali pasipo na wazazi: kambini, bwenini, kwenye nyumba ambayo wenyewe wametoka. Miaka ya nyuma palitendeka jambo baya hapo. Mtu anarudi, mara nyingi kajifunika uso, na mkononi hana bunduki. Ana kisu, shoka, panga au sululu. Anawamaliza mmoja mmoja mpaka anabaki msichana, na huyo ndiye stelingi. Mtazamaji aliyezoea filamu za kutisha za Bongo, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, atashangaa kidogo mwanzoni. Huku hakuna aliyetumwa wala aliyerogwa, na hakuna mganga wa kuendewa. Mara nyingi adui ni mtu tu, anatembea kwa miguu, hana haraka, na bado anafika kabla yako.

Kwa nini zilikuwa nyingi hivyo? Hela. Halloween ya John Carpenter ilitengenezwa 1978 kwa dola 325,000 hivi, ikaingiza takriban milioni 70. Hesabu hiyo ilimtoa usingizi kila mwenye kamera. Mwaka uliofuata Sean Cunningham alikuwa ameshalipia tangazo katika gazeti la Variety la filamu iitwayo Friday the 13th kabla hata muswada haujaandikwa. Alikuwa na jina tu. Ikagharimu kama dola 550,000, ikavuna karibu milioni 40 Marekani peke yake. Kanada nako serikali ilikuwa inawapa nafuu ya kodi waliowekeza kwenye filamu, na ndiyo maana ukisoma majina ya mwisho ya Prom Night, Terror Train, My Bloody Valentine na Happy Birthday to Me utakuta zote ni za huko. Juu ya hayo, deki za video zikaingia majumbani, na maduka ya kukodisha kanda yakahitaji cha kujaza rafu. Slasha ilikuwa rahisi kutengeneza: waigizaji wasio na majina, msitu, wiki chache za kazi, ndoo za damu bandia. Ubovu wake mwingi unatokana na hapo. Watu hawakukosa kipaji. Walikosa sababu ya kukitumia, maana tiketi zilinunuliwa hata bila kipaji.

Sasa kipimo. Ninacho kimoja, na ni nadra kishindwe. Filamu ikifika nusu saa, jiulize kama ungeweza kuchora ramani ya mahali. Mlango wa mbele uko wapi? Ngazi zinapanda upande gani? Simu iko chumba kipi, na kutoka pale mpaka barabarani kuna nini katikati? Kama unaweza kujibu, kaa utazame, maana mwongozaji anajua kazi. Hofu ya filamu hizi imekaa kwenye umbali: kati ya msichana na mlango, kati ya mlango na yule asiyeonekana. Kisu kinapotokea, hofu imeshafanya kazi yake. Mwongozaji mvivu hana habari na mlango wala ngazi. Anamleta kijana, anamchinja, analeta mwingine, na kufikia wa tano wewe umeshashika simu yako.

Kwa hiyo anza na Halloween yenyewe, hata kama kwa kalenda haimo kwenye miaka ya 80. Zilizofuata zote zinainakili, na ukianza na nakala utadhani asili haina jipya. Ilipigwa kusini mwa California wakati wa majira ya kuchipua, ilhali hadithi inatokea Oktoba huko Illinois. Basi majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, picha ikapigwa, yakazolewa na kumwagwa tena kwenye tukio jingine. Ukiinua macho utaona miti bado ya kijani. Barakoa ya muuaji, Michael Myers, ilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner iliyouzwa dukani kwa chini ya dola mbili. Waliipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, kwa mapigo matano aliyofundishwa na baba yake utotoni kwenye ngoma za bongo.

Tazama wanavyoutumia mtaa. Nyumba mbili zinatazamana, barabara katikati. Katika moja Laurie, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, ameachiwa mtoto wa watu mpaka wazazi warudi. Katika ya pili rafiki yake Annie ana kazi hiyohiyo. Kwa muda mrefu filamu inaridhika kutuonyesha nyumba ile kutokea dirishani mwa hii. Taa inawaka, taa inazimwa, mtu kapita. Mtoto anaona, Laurie haoni. Inapofika saa ya Laurie kuvuka barabara, kamera inakwenda naye hatua kwa hatua na nyumba inakua mbele yake. Hajakatwa mtu wala hakuna damu, lakini sebuleni kwako kila mtu ameshanyamaza. Ndani, baada ya kukuta alichokikuta, Laurie anaegemea ukuta kando ya mlango wenye giza. Hapo usimtazame yeye, litazame giza. Sura nyeupe inajitokeza polepole kiasi kwamba huwezi kusema ilianza lini, kwa sababu mpigapicha Dean Cundey alikuwa anaongeza mwanga kidogo kidogo. Humwoni mtu akiingia. Unatambua tu kwamba alikuwepo.

Kisha Laurie anatoka mbio anapiga mayowe, anaugonga mlango wa jirani. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia. Taa inazimwa. Kwangu mimi hakuna kinachotisha kuliko hicho katika filamu nzima. Mtu aliyekulia mahali ambapo yowe la usiku huwatoa watu na marungu kabla hata hawajauliza kuna nini, itabidi arudishe nyuma atazame tena. Vitongoji hivyo vya Marekani, nyasi zimekatwa vizuri na kila mtu na lake, ndivyo filamu hizi zinavyovisema kila mara, hata zile zisizojua kwamba zinasema kitu.

Angalizo moja la kifundi kuhusu Halloween: itafute yenye picha pana. Ilipigwa kwa fremu pana sana, na kanda za zamani zilikata pembeni ili picha ijae kwenye televisheni za mraba. Michael Myers anapenda kusimama pembeni. Ukitazama nakala iliyokatwa, unaitazama filamu ambayo wakati mwingine adui wake hayumo.

Friday the 13th ni habari nyingine. Ya kwanza, ya 1980, itazame mara moja, kwa ajili ya historia na kwa ajili ya fundi mmoja. Ilipigwa kwenye kambi halisi ya maskauti huko New Jersey, ziwa na vibanda vyake, na ramani yake inachoreka. Hadithi ni nyembamba na waigizaji wengine wanasema maneno yao kama wanasoma tangazo. Ila yumo Tom Savini, fundi wa damu bandia na viungo vya mpira, aliyewahi kuwa mpigapicha wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Kuna tukio ambalo kijana kalala kitandani, mshale unatokea chini ya kitanda na kupita shingoni. Kijana huyo ni Kevin Bacon kabla hajawa mtu maarufu. Mwili wake halisi ulikuwa umekunjwa chini ya kitanda, kichwa tu ndicho kimetokeza juu, kimeunganishwa na shingo na kifua bandia. Bomba la kusukuma damu likachomoka wakati kamera inazunguka, na msaidizi wa Savini akadaka mpira na kuupuliza kwa mdomo. Ndiyo maana damu ile inabubujika vile, kwa pumzi za mtu. Ukishajua mambo haya, tukio linaacha kuwa ukatili na kuwa kiinimacho, na nadhani hiyo ndiyo njia bora ya kuitazama filamu hii: kwa jicho la anayetaka kujua walifanyaje.

Tega sikio pia. Mtunzi Harry Manfredini aliweka sharti kwamba muziki usikike pale tu muuaji anapokuwa karibu kwelikweli. Kwa hiyo mlango ukilia kwenye ukimya, tulia. Ni paka au ni rafiki mwenye utani. Ukisikia ule mnong'ono wake maarufu, mambo yameiva.

Wakati ule filamu hii iliwakera wahakiki mno. Gene Siskel wa Chicago Tribune alimtaja muuaji makusudi kwenye uhakiki wake ili kuwaharibia watu utamu, kisha akawahimiza wasomaji waandike barua za malalamiko kwa mwenyekiti wa kampuni iliyoimiliki Paramount, waliokuwa wameisambaza. Watu wakazidi kwenda. Mimi sitamtaja muuaji. Nitasema tu kwamba ukidhani unamjua kwa sababu umeona mabango, huenda humjui.

Baada ya hiyo, mfululizo huo uko nane kufikia mwisho wa muongo, na huhitaji zote. Ya pili, ya 1981, inafaa. Ya tatu, ya 1982, ndiyo iliyomvika Jason, yule wa kwenye mabango, barakoa ya mlinda lango wa hoki, na sina sifa nyingine ya kuipa. Ya nne, ya 1984, iliitwa sura ya mwisho. Savini alirudi kwa ajili yake, na mwaka uliofuata wakatoa ya tano bila aibu. Hiyo ya tano ipite. Ya sita, Jason Lives ya 1986, itazame jioni mkiwa wengi: mwongozaji Tom McLoughlin aliamua kucheka pamoja na watazamaji badala ya kuwaacha wamcheke, na ndiyo pekee katika kundi lile ambayo ningeitazama tena kwa hiari. Ya nane inaahidi Manhattan kwenye jina lake, halafu sehemu kubwa ya filamu iko melini. Chora ramani ya meli ile kama unaweza.

Sasa tufike kwa Wes Craven, maana hapa ndipo penye utajiri. A Nightmare on Elm Street ya 1984 inakivunja kipimo changu makusudi, na inajua inachofanya. Freddy Krueger anaua watu ndotoni, na ndoto haina ramani: unashuka ngazi za nyumbani kwako, unajikuta kwenye chumba cha tanuru cha kiwanda. Ngazi zinalainika chini ya miguu kama uji. Craven, aliyekuwa mwalimu wa chuo kabla ya kuingia kwenye filamu, alipata wazo kwenye habari za Los Angeles Times kuhusu wakimbizi wa Kusini-Mashariki mwa Asia waliokuwa wakifia usingizini huko Marekani, vijana wazima, bila daktari kueleza sababu. Ndiyo filamu ya kwanza ya Johnny Depp. Na ndiyo iliyoiinua New Line, kampuni ndogo wakati ule, kiasi kwamba watu wa Hollywood walikuwa wakisema ni nyumba iliyojengwa na Freddy.

Mitego yake ya kifundi ni ya mikono, na inafurahisha kuliko kompyuta za leo. Ukuta juu ya kitanda cha Nancy, stelingi wa filamu hii, unapovimba na sura ya mtu kujichora ndani yake, ni kitambaa cha kunyumbuka na fundi anayekisukuma kwa nyuma. Msichana anapoburutwa ukutani mpaka darini, chumba kizima ndicho kilichokuwa kinazungushwa, na kamera imefungwa humo ndani. Chumba hichohicho ndicho kilichotumika kwa ile damu inayoruka kutoka kitandani hadi darini: kiligeuzwa juu chini, damu ikamwagwa.

Lakini sababu ya kumpendekezea msomaji wa Kiswahili filamu hii kabla ya nyingine yoyote ya muongo ule ni asili ya Freddy. Alikuwa muuaji wa watoto. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani, akaachiwa kwa sababu hati ya upekuzi haikutiwa saini mahali panapotakiwa. Wazazi wa mtaa wakamfuata wakamchoma moto. Magazeti yetu yana jina la watu hao: wananchi wenye hasira kali. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi na tukafungua ukurasa unaofuata. Craven anauliza kinachofuata nyumbani, miaka mingi baadaye, kwa waliobeba petroli. Mama yake Nancy ni mlevi. Baba yake ni ofisa wa polisi, tena mwenye cheo. Glovu ya visu ya marehemu imefichwa ndani ya tanuru kwenye chumba cha chini, imeviringishwa kitambaa. Watoto hawajaambiwa kitu, na wao ndio wanaokufa. Mama anaogopa, anaweka nondo madirishani, na nondo zilezile zinamfungia binti ndani pamoja na adui. Sijui filamu nyingine ya kutisha ya wakati ule inayowabana wazazi namna hii. Mwisho wake ni wa ovyo, mtayarishaji alitaka mlango wa kurudia, na umefunguliwa wazi mno, vumilia. Sehemu ya tatu, Dream Warriors ya 1987, ni nzuri kwa namna yake ya vituko. Kuanzia hapo Freddy anakuwa mchekeshaji, na mchekeshaji hatishi.

Ukimaliza vinara hao na bado una hamu, zipo zilizofichika. My Bloody Valentine ya 1981 ilipigwa Sydney Mines, Nova Scotia, ndani ya mgodi wa makaa, na muuaji amevaa mavazi kamili ya mchimbaji: kofia ya taa, kinyago cha hewa, sululu mkononi. Vijana wake si wanafunzi wenye fedha za baba, ni wafanyakazi wa mgodi wenye mapenzi na ugomvi wa kueleweka, na mgodi ni mahali ambapo ramani ni uhai. Ilikatwa vibaya kabla ya kutoka. Tafuta toleo la 2009 na kuendelea, lililorudishiwa baadhi ya vipande. The Stepfather ya 1987 inaanza na mwanamume bafuni, ananawa damu, ananyoa ndevu na kuchana nywele mpaka anakuwa mtu mwingine kabisa. Anashuka ngazi taratibu, anaokota kichezeo cha mtoto, anakiweka mahali pake. Kamera ikishuka naye ndipo tunaiona sebule. Terry O'Quinn anaigiza baba wa kambo huyo kwa upole unaochukiza. Hii ni ya watu wazima wanaodai kwamba slasha ni za watoto wa shule. Na kwa asiyeweza damu kabisa, April Fool's Day ya 1986 ina fumbo jepesi kisiwani. Unaweza kuitazama hata na shangazi.

The Burning na The Prowler, zote za 1981, zina kazi nzuri za Savini na karibu hakuna kingine. Uingereza, The Burning iliingizwa kwenye orodha ya kanda zilizowindwa na waendesha mashtaka, katika ile patashika iliyozaa sheria ya video ya 1984. Kupigwa marufuku kuliipa heshima isiyoistahili. Usidanganyike na neno marufuku kwenye bango.

Kuna lawama ambayo huwezi kuikwepa: filamu hizi zinafurahia kuwakata wanawake. Ni kweli kwa nyingi. Siskel na mhakiki mwenzake Ebert walitumia kipindi kizima cha televisheni mwaka 1980 kulisema, na walikuwa na haki. Kamera inamvua msichana nguo, inamfuata, na kumwadhibu kwa kuvuliwa. Lakini Carol Clover, profesa wa Berkeley aliyebobea katika fasihi ya kale ya Skandinavia, aliziangalia kwa makini na kuandika mwaka 1987 kuhusu yule msichana wa mwisho. Alionyesha kwamba mtazamaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa kiume, anaanza akitazama kwa macho ya muuaji na kumaliza akitazama kwa macho ya msichana, akimwombea. Mimi nakubaliana na pande zote mbili, kwa filamu tofauti. Nancy wa Elm Street anatega mitego nyumba nzima na kwenda kumtafuta adui mwenyewe. Hakuna dharau hapo. Kwenye takataka za msituni dharau imejaa. Na kama unataka kuona mwanamke akishika kamera, The Slumber Party Massacre ya 1982 iliandikwa na Rita Mae Brown kama kejeli na kuongozwa na Amy Holden Jones, aliyeacha nafasi ya kuhariri E.T. ya Spielberg ili aipate kazi hiyo. Kejeli imebaki nusu, maana watayarishaji walitaka slasha ya kawaida, lakini urefu wa ile kekee anayobeba muuaji si bahati mbaya.

Namna ya kutazama. Zima taa, ongeza sauti, simu weka mbali. Filamu hizi ni fupi, nyingi hazizidi dakika 95, utaishi. Tazama kwa lugha ya asili, na maandishi chini ya picha ukihitaji. Nawaheshimu sana madijei wetu wa kutafsiri, wameifanya filamu ya ngumi kuwa sherehe, ila Halloween imejengwa kwa ukimya, na mtu mmoja akijaza utani kwenye ukimya ule hakuna kinachobaki. Jason Lives, kwa upande mwingine, ingemfaa dijei kabisa.

Watoto watoke sebuleni, na simaanishi tu wageuke. Bodi ya Kenya ya kuainisha filamu ina alama ya 18, na mahali pengi huku kwetu televisheni ni moja na sebule ni ya wote. Basi subiri walale. Elm Street hasa ni mbaya kwa mtoto, kwa sababu inamwambia kwamba kulala ndiko hatari, na wewe ndiye utakayekesha naye wiki nzima. Vilevile mpime unayemwalika. Kuna watu miongoni mwetu waliopitia panga na moto kwelikweli, Rwanda, Burundi, Kongo, Kenya ya mwaka 2007, au kwenye ndoa zao wenyewe. Muulize kwanza, na akisema hataki usimbembeleze wala usimwite mwoga.

Mpangilio wangu ni huu: Halloween, halafu Elm Street ya kwanza usiku mwingine, halafu Friday the 13th ya kwanza na Jason Lives mfululizo siku ya mapumziko, kisha mgodi na baba wa kambo. Matoleo mapya ya miaka ya 2000 yaliyobeba majina yaleyale yaweke kando, hata kama ndiyo yanayotokea juu unapotafuta. Angalia mwaka kabla hujabonyeza. Scream ya 1996, ambayo Craven aliitengeneza kuitania familia hii nzima, iache ya mwisho. Mwanzoni tu msichana anaulizwa kwenye simu, kwa vitisho, nani alikuwa muuaji katika Friday the 13th. Anajibu haraka, kwa uhakika wa mtu aliyeona mabango.